Bashasha ya Mzee Barnaba

Siku tuliyomzika Mzee Barnaba, jeneza lilizuiwa njiani na mtu aliyevaa koti la marehemu.

Nilikuwepo, karatasi ya wasifu mkononi. Nilikuwa nimesali siku mbili Mungu aninusuru na karatasi ile.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni Ethel, Mama Dastani, mkulima wa korosho hapa Lulindi. Nina miaka hamsini na mmoja. Mwaka jana nilianza masomo ya jioni ya watu wazima, dawati moja na Mzee Barnaba.

Mzee Barnaba hakucheka. Sisemi kwamba alicheka kidogo. Ukimwamkia, aliitikia "marahaba" kama anakupa notisi ya kuhama. Vijana walimwita kauzu, mtu wa uso mkavu, naye hakukataa.

Alhamisi moja Mwalimu Godwin aliandika ubaoni: BASHASHA.

"Ni furaha na uchangamfu unaoonekana," alisema. "Mtu akikupokea kwa bashasha, unajua umekaribishwa kabla hajafungua mdomo. Kila mmoja aandike sentensi moja, ya kweli, kuhusu maisha yake. Msinakili kwenye kamusi."

"Mwalimu," Mzee Barnaba akasema, "mimi nipe neno lingine."

"Neno ni hilo, mzee."

Wiki iliyofuata hakuleta kazi. Alisema bado anatafuta.

Jumapili yake akafariki usingizini.

Binti yake Anjelina alikuja kutoka Masasi mjini, akaandika wasifu, akanipa mimi nisome makaburini. "Wewe si ndiye mwanafunzi mwenzake," alisema.

Ndugu zangu, tangu nizaliwe sijawahi kusoma mbele ya watu. Niliipokea ile karatasi kwa mikono miwili.

Mstari wa nne: *Marehemu alikuwa mtu mwenye bashasha.*

Nikamfuata jikoni.

"Anjelina mwanangu, hapa pamekosewa."

"Herufi?"

"Hapana. Baba yako."

"Mama Dastani, soma kama nilivyoandika. Ukiona huwezi, nimpe Kelvin."

Kelvin ni mpwa wake, anasoma sekondari, hajali anasoma nini.

Siku mbili nilipiga magoti. Kusema uongo mbele ya jeneza, siwezi. Kumwachia Kelvin, moyo unakataa. Mungu hakujibu, au alikuwa anasubiri.

Sasa yule aliyezuia jeneza. Ni Halfani wa Nanganga, mtani wa ukoo wao. Kwetu mtani akija msibani ana ruhusa ya kumwigiza marehemu na kuzuia njia mpaka apewe chake. Alikuwa amevaa koti na kofia ya Mzee Barnaba, uso ameununisha vilevile.

"Mimi Barnaba," akasema. "Bei ya korosho ikishuka, sicheki. Ikipanda, sicheki pia, isije ikaona haya ikashuka."

Watu waliokuwa wanalia wakaangua kicheko. Akapewa jogoo wake, akatupisha, tukafika kaburini.

Nikasoma. Kuzaliwa, kubatizwa, ndoa. Mstari wa nne nikanyamaza.

"Mbona umezima?" Halfani akauliza, jogoo kwapani.

"Imeandikwa alikuwa na bashasha," nikasema polepole.

"Nani, huyu?" Akaanza kujipapasa mifuko ya koti. "Ngoja nitafute. Labda aliiweka humu."

Kwenye mfuko wa ndani akatoa daftari lililokunjwa. Akalitazama, akalileta kwangu.

"Mimi miwani sina. Msomi, soma."

Mwandiko niliujua. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari mingi iliyokatwa, na chini yake mmoja ambao haukukatwa. Nikausoma kwa sauti:

"Anjelina akishuka kwenye gari kutoka Masasi, nina bashasha. Uso wangu hauna habari. Yeye anajua."

Hakuna aliyecheka. Halfani akavua kofia. Anjelina alikuwa ameshajifunika kanga usoni.

Mwalimu Godwin akaliomba lile daftari, akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akaweka alama ya vema palepale makaburini.

Nikarudi kwenye karatasi yangu. Mstari wa nne niliusoma mara mbili.

Nilichojifunza, ndugu msomaji, ni hiki. Siku mbili nilimwomba Mungu anizuie nisiseme uongo. Hata mara moja sikumwuliza kama ukweli ninao mimi.