Homa ya Nyumba Tatu

Kwenye avenue yetu, mtaani Kikula, malaria haikubisha hodi kila nyumba. Ilizunguka katika nyumba tatu tu: yetu, ya fundi cherehani, na ya mama mjane anayeuza makala, makaa ya kupikia. Katikati yetu kulikuwa na shimo tulimochimba udongo wa matofali, mvua ikalijaza maji. Watu wa ng'ambo ya barabara walimaliza mwaka bila hata kuumwa kichwa, na walitutazama kwa huruma iliyonikera sana.

Mimi mwenyewe sikuwahi kuugua. Nilijisifu mpaka kanisani. Wengine wakitetemeka chini ya blanketi, mimi nilikula bukari yangu, ugali wa mahindi, na kusema watu wa siku hizi ni laini mno.

Ndipo binti yetu akarudi nyumbani na mimba yake ya kwanza, maana kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa binti. Wiki ya tatu homa ikamshika. Alitibiwa akapona, lakini mama mkwe wake alifika kutoka mtaa wa Panda na hata kiti alikikataa.

"Papa, hii nyumba iko na homa. Nitarudia na mutoto kwetu, atazalia kule."

Mke wangu akaangua kilio. Mimi nilifoka, lakini moyoni niliogopa. Mjukuu wangu wa kwanza azaliwe kwa watu, nami nipewe habari kwa simu!

Aliyetuokoa ni muuguzi wa kituo cha afya. Alisema mbu hasafiri mbali: humuuma mwenye vijidudu, kisha humuuma jirani, hata kama yule wa kwanza hajisikii lolote. Tulifukie shimo, tupimwe wote wa nyumba tatu, atakayepatikana atibiwe. Mama mkwe akakubali kungoja.

Bon, hiyo ni kazi yangu. Miaka mingi nilikuwa msimamizi wa zamu katika karakana moja ya Panda, na kila asubuhi niliita majina. Shimo tukalifukia, na Jumamosi nikawapanga watu mstari uani, fundi akiwa bado na tepu shingoni. Mjane akauliza kama kuku nao watapimwa.

"Mama, hapa hapana muchezo!"

Wakatoa vidole, mmoja mmoja, muuguzi akasoma vipimo. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Nilitembea mbele yao mikono mgongoni.

"Watu kumi na mmoja, wote wazima!" nikamtangazia mama mkwe.

Muuguzi akatazama karatasi yake. "Papa, minye niliandika kumi na mbili."

Nikahesabu tena: kumi na mmoja. Nikahesabu kuanzia nyuma: kumi na mmoja. Nikamwambia shule yake ilimdanganya. Mke wangu aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Weye, Papa," binti yangu akasema. "Weye njo wa kumi na mbili."

"Minye? Minye siko mugonjwa!"

Msimamizi hajiiti kwenye orodha yake mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi maisha yangu yote. Lakini mama mkwe alikuwa amekunja mikono, nikatoa kidole. Robo saa ikapita. Kwenye kipimo ukaonekana mstari mmoja, halafu wa pili: vijidudu ninavyo.

Ekelekele! Mjane alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilimtazama binti yangu na tumbo lake, nikaona aibu, nikaona uchungu. Huenda homa yake ilitoka kwangu mimi niliyejisifu.

"Mwanangu, nisamehe," nikasema mbele ya wote. Neno hilo karakanani halikuwahi kunitoka mdomoni.

Mama mkwe akatia sakoshi yake begani. Nikajua ameamua.

"Mutoto atabakia kwa mama yake," akasema. "Papa, weye njo utaenda na minye Panda. Utameza dawa yote mbele ya macho yangu."

Nikageuka kumwomba mke wangu anitetee. Alikuwa ameshaingia ndani, ananikunjia mashati.