Isale kwa Bibi Mwenye Mgomba

Jumamosi nilipanda lori la chama cha akina mama wa mjini Moshi, wanaojitolea kuchimba mtaro wa bomba la maji ya zahanati huko mlimani. Tulikuta kazi imesimama. Bibi mmoja alikuwa ameketi kihambani kwake, shamba la migomba la nyumbani, pale pale bomba linapopita, panga mapajani.

"Wiki jana mlikata mgomba wangu bila hodi," alisema. "Leo hapiti hata panya!"

Wazee wa kijiji walimsihi, akawageuzia mgongo.

Ndipo akashuka garini mama mmoja wa Kihindi, mgeni katika chama. Hakutaka kumwendea mtu mzima mikono mitupu, basi akachuma jani refu kwenye ua wa shamba, akampa kwa mikono miwili. "Shikamoo, bibi."

Lilikuwa jani la isale, na kwetu Wachagga anayeletewa isale ameombwa radhi, hawezi kukataa.

Bibi alilitazama, kisha akacheka. "Marahaba. Nilijiandaa kugomba mpaka jioni, mwanangu, nawe umenifunga mdomo! Haya, chimbeni."

Tuliporudi garini nilimweleza yule mama alichofanya. Akashika kichwa.

"Kumbe nimeomba radhi bila kujua?"

"Na umesamehewa, mama."

Akafikiri kidogo, akashuka tena, akarudi na miche miwili ya isale. "Huu ni wa chama. Huu wa mume wangu, nami nitamfundisha matumizi yake."

Mimi ningekishauri chama kipige hodi kwanza, ila isale nalo hupendeza uani.