Robo ya Juu ya Tangi

Sifa ni kwa Mungu, ambaye mama yetu alitufundisha kumwita Nyamuhanga kabla hatujajua kusoma. Amenipa mikono miwili na kuiacha mizima mpaka uzee huu, ingawa kwa miaka yote imeshika moto na chuma. Namshukuru kwa kazi zilizonyooka. Namshukuru pia kwa ile niliyoikosea, kwa kuwa alinionyesha kosa langu mapema.

Mdogo wangu alipofariki aliacha mke, na aliacha kamionete, gari dogo la mizigo. Ilikuwa kuukuu tangu siku aliyoinunua, pua ndefu, taa za mviringo, na mlango wa kushoto uliolia kama mbuzi. Ilisimama nyuma ya nyumba yao hapa Vulamba, mtaa wa Butembo, chini ya mikaratusi, miaka mingi. Majani yalioza juu ya shasi mpaka shasi ikaoza pamoja nayo. Ukiigonga kwa nyundo ilimwaga unga mwekundu.

Shemeji yangu, huyo mjane, alikuwa akinunua viazi Musienene siku za soko na kuvipeleka Beni kwa magari ya watu. Mara gari lilimwacha, mara lilimpokea na kuacha magunia yake kwenye mvua. Akajifunza kuendesha, mwanamke mwenye wajukuu, akiwachekesha wanaume wote wa mtaa, na hakuacha mpaka alipojua. Alitaka kamionete ya mume wake iamke. Lakini ilikuwa mali ya ukoo, na mkubwa wa ukoo wetu ni baba mdogo, mdogo wa marehemu baba yangu, mzee ambaye neno lake likitoka halirudi mdomoni. Alituita, akasema kamionete ipewe muda mpaka Jumapili ya mavuno. Siku hiyo ifike Beni kwa magurudumu yake yenyewe. Ikifika, ni ya mjane. Isipofika, itakatwa na kuuzwa kama vyuma.

"Jumapili," alisema. "Hapana Jumatatu asubuhi. Mulisikia?"

"Tulisikia, tata," shemeji akajibu.

Fundi nilikuwa mimi.

Kwa shasi mpya nilipata mihimili miwili mirefu ya lori lililokufa. Nikaikata, nikaipunguza, na mahali pa ekseli ya nyuma nikaipindisha iende juu kisha ishuke, nikafunika kila kiungo kwa bamba la pili. Nikaifunga kwa mbavu tano. Kabla ya kuchomelea ubavu wowote nilipima kwa kamba, kona ya mbele kulia mpaka kona ya nyuma kushoto, kisha kona nyingine mbili, kama mtu anayechora msalaba. Kamba zikitofautiana hata upana wa kidole, gari litatembea upande kama kaa. Zilipolingana nilivua kofia nikashukuru. Nilifanya hivyo mara tano, kwa mbavu tano.

Kisha mafuta. Tangi la zamani lilikaa ndani ya kabini, nyuma ya mgongo wa dereva, na lilikuwa limetoboka kama kichungio. Sikutaka shemeji aendeshe akiwa ameegemea esanse, yaani petroli. Nikatengeneza tangi jipya la chuma, la lita arobaini, nikaliweka nyuma kati ya mihimili, likafungwa kwa mikanda miwili na boliti nne. Bomba la mafuta likapita ndani ya mhimili, mahali ambapo mawe hayalifikii, likafika kwenye pampu ya injini. Bomba la moshi lilibidi lipite karibu na kona ya nyuma ya tangi. Niliacha upana wa kiganja kimoja katikati.

Nililijaribu tangi kwa maji kabla ya kulifunga. Maji yetu yanatoka chemchemi ya bondeni, kwa madumu tunayoyaita bidoni, juu ya migongo. Yalipofika robo tatu nikasema yatosha. Na hapa ndipo kosa langu lilipo, nalo ni kosa la mtu wa Butembo. Kwetu nani anajaza tangi? Tunanunua esanse kwa chupa, kando ya barabara, lita mbili za kufika, lita mbili za kurudi. Katika maisha yangu sijaona gari la jirani likijaa mpaka shingoni. Mishono ya robo tatu hizo haikuvuja. Ile robo ya juu, ambako nilimalizia mshono siku ambayo umeme ulikuwa unakatika na kurudi, sikuijaribu kamwe. Sikuona hata kwamba nimeiacha.

Jumapili ya mavuno ikafika. Katika kanisa letu hatuombei chombo kitupu. Ghala likibarikiwa linakuwa na maharage ndani, na chungu kinakuwa na maji. Gari likibarikiwa, kila familia inaleta chupa yake ya esanse na kuimimina kwa mkono wake. Desturi hiyo naijua tangu utoto, na katika miezi yote ya kazi haikunijia akilini hata mara moja.

Chupa zilipangwa uani, kando ya ndizi na mafungu ya maharage. Mchungaji wetu anapenda mzaha.

"Bapendwa," akasema, "leo tuombe Roho ashuke kama njiwa. Ndimi za moto tutangojea Jumapili ingine."

Watu wakacheka. Wakapita mmoja mmoja wakimimina, na kwaya ikiimba. Nilikuwa nimesimama karibu na gurudumu la nyuma, nimevaa koti langu la ibada, nimejaa furaha. Kisha sauti ya tangi ikabadilika. Fundi yeyote anaijua. Chombo kikiwa na nafasi kinaitika kwa sauti nene, na kikikaribia kujaa sauti inapanda na kuwa nyembamba. Ilipanda. Chupa zilikuwa bado nyingi. Ndipo nikakumbuka mstari wa maji ulipokuwa umeishia.

Mchungaji akaomba, maombi marefu na mazuri. Sikusikia hata neno. Nilikuwa nikihesabu kiganja kimoja kati ya kona ile na bomba la moshi.

Baada ya amina shemeji akapanda, akawasha. Injini ikaitika mara ya kwanza, na uwanja mzima ukapiga vigelegele. Magunia ya viazi yalikuwa tayari nyuma. Akina mama sita wa kikundi chake cha maombi wakaanza kupanda juu ya magunia, na vitenge vyao vya sikukuu. Nikainama kunusa. Harufu ya esanse ilikuwa kila mahali, mikononi mwa watu, kwenye nyasi, kwenye koti langu. Harufu haikuweza kuniambia kitu. Nikalala chini, nikapapasa mshono wa kona. Ulikuwa mkavu.

Nasema kweli, hapo nilitaka kunyamaza. Ulikuwa mkavu. Gari lilikuwa limeombewa. Baba mdogo alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao akiangalia saa yake, kwa sababu kwenye barabara ya Beni mtu hangojei jua liiname. Lakini uwanja wa kanisa ni tambarare, na kutoka hapa mpaka Beni ni kupanda na kushuka. Kwenye mlima wa kwanza esanse yote ingerudi nyuma, ije isimame kwenye ile kona.

Nikapiga mlango kwa kiganja. "Shemeji, zima moto."

"Nini, yaya?" akauliza, akiniita kaka mkubwa kama kawaida yake.

"Zima. Na bamama bashuke."

Alizima. Nyimbo zikakatika moja moja, jinsi mvua inavyokatika juu ya bati. Nikawaambia watu wote niliyowaeleza ninyi, kwamba robo ya juu sikuijaribu, na kosa ni langu.

Baba mdogo akainuka kwa fimbo yake. "Donc, miezi yote ile ulikuwa unachomelea nini? Ulikuwa unachoma mahindi?"

"Tata, nipe nafasi nilione gari likipanda."

"Ulilala chini. Uliona nini?"

"Pakavu."

"Basi pakavu!" Akageukia watu. "Bazee banaogopa hata pakavu. Mwaka kesho ataogopa kivuli."

Shemeji aliniangalia kupitia kioo, na macho yake yaliniuma kuliko fimbo ya mzee.

Nikaomba wanaume wa kwaya wasukume gari mpaka kwenye mwinuko wa lango, pua juu, mkia chini. Wakasukuma, wakaweka mawe nyuma ya magurudumu. Nikalala tena chini, na mchungaji, Mungu ambariki, akalaza suti yake mavumbini karibu nami. Tukatazama kona. Hakuna kitu. Nikasikia watu wakinong'ona, na mmoja akicheka. Tukaendelea kutazama. Mshono ukaanza kung'aa kidogo, kama paji la uso la mtu anayeanza kutoka jasho. Mng'ao ukakusanyika, ukawa tone. Tone likaning'inia, likaanguka juu ya bomba la moshi lililokuwa bado la moto, likafanya "tss," na likatoweka.

La pili likafuata.

"Yesu," mchungaji akasema polepole. Haukuwa mzaha.

Baba mdogo alitaka kuona mwenyewe. Waliposhikilia fimbo yake akainama, akaona la tatu. Alinyooka bila haraka.

"Nimeona," akasema. "Mais neno langu ni lile lile. Leo, Beni."

Shemeji akashuka kwenye gari. "Tata, batu sita bangekufa na wewe bado unahesabu saa?"

"Minahesabu kwa sababu nilisema. Nilisema Jumapili, na Jumapili ni leo. Haijaisha."

Ilikuwa saa sita mchana. Karakana yangu iko ng'ambo ya barabara ya kanisa. Tukafyonza esanse yote kwa mpira, tukairudisha kwenye chupa na bidoni, na chupa zikapelekwa mbali. Tukafungua boliti nne. Tangi lilipokuwa juu ya meza yangu nililiosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikamwaga, nikaosha tena, mara nne. Wasiojua hudhani tangi lililojaa ndilo la hatari. Lililo tupu ndilo linaloua, kwa sababu ya mvuke unaobaki. Nikaliinamisha kona mbovu ikae juu, nikalijaza maji ili yafukuze mvuke, mpaka vidole viwili chini ya mshono, nikaacha mdomo wazi. Kisha nikawafukuza watu wote waende nyuma ya ukuta wa kanisa.

"Wewe pia, shemeji."

"Mi sitoki. Kama ni kwa ajili ya gari yangu, nitabakia."

"Kama utabakia, sitawasha."

Akatoka. Nikasikia jenereta, na nyuma yake akina mama wakiomba wote kwa pamoja kama wafanyavyo, kila mmoja kwa sauti yake. Nikasema, Bwana, vidole viwili tu vya hewa viko kati yangu nawe. Nikashusha kioo cha uso, nikagusa chuma.

Kwenye mdomo wa tangi kukatokea "puf," na mwali wa buluu mrefu kama jani la muhogo ukasimama, ukazimika. Mkono wangu ulitaka kuruka. Niliuacha pale pale, kwa kuwa mshono unaokatwa katikati ndio ulionifikisha hapa. Nikaenda mpaka mwisho wa kona, polepole, ndipo nikapumua.

Akina mama waliokuwa wameleta chupa za esanse wakashuka chemchemini na bidoni, wakaleta maji. Safari hii nililijaza mpaka shingoni. Nikalilaza kila upande, nikafuta kila mshono kwa kitambaa kikavu, na wao wakaimba nyimbo nne nzima mimi nikingoja. Kavu. Nikalimwaga, nikalikausha juani na kwa vitambaa, nikalisuuza kwa esanse kidogo ili maji yasifike kwenye injini, nikafunga boliti nne. Tukarudisha mafuta yote, mpaka shingoni, pua ya gari juu, mkia chini. Kavu.

Akina mama sita niliwakataza kupanda. Aliyenifundisha kazi hii alikuwa na sheria moja: safari ya kwanza, aliyechoma chuma anakaa juu yake. Nikapanda nyuma, nikasogeza gunia, nikaketi juu ya mbao zilizofunika tangi. Baba mdogo alipoona hivyo akafungua mlango unaolia, akaingia kabini bila kualikwa.

"Juu ya nini na wewe unapanda, tata?" shemeji akauliza.

"Nilisema ifike. Nani ataniambia kama ilifika? Washa, mama."

Kila mlima nililaza kiganja kwenye mbao na kunusa. Kwenye kizuizi kimoja askari aliniona nimejikunja kati ya magunia na koti la ibada. "Papa mobange," akacheka, akiniita mzee, "bamekuuzisha pamoja na biazi?" Nikamwambia mimi ndiye dhamana ya gari. Akacheka zaidi, akainua kamba.

Tuliingia Beni jua likiwa bado juu ya migomba. Shemeji akasimama penye meza yake ya soko, akazima, akalaza kichwa juu ya usukani. Baba mdogo akashuka, akavua koti, akaingia chini ya gari yeye mwenyewe, kwa umri ule. Alitoa leso yake nyeupe akaipitisha kwenye kona ya nyuma, akarudia. Alipotoka aliitazama leso, akainusa pande zote mbili. Ilikuwa na vumbi tu. Akamwekea shemeji mkononi.

"Gari yako, mama," akasema. "Sasa munipatie maji ya kunawa."

"Wasingya, tata," shemeji akamshukuru kwa lugha yetu. Akaanza kulia, na mimi nikashuka kutoka juu ya tangi, nikaanza kushusha viazi.

Nawe uliyesoma, Mungu akulinde kwenye milima yako na kwenye mabonde yako. Akuonyeshe tone la kwanza kabla moto haujaliona, akupe ujasiri wa kusema "zima" mbele ya watu, na akufikishe ulikokuwa ukienda. Amina.