Posa ya Gulwe na Mwanamke wa Kwenye Dashibodi

Mwaka nilioposa, baba mdogo alikuwa na gari lenye tundu.

Lilikuwa gari dogo jeupe, la mtumba, kutoka Japani. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na mtu mwenye duka la vitambaa Chang'ombe ya Dodoma, kama yeye, aliweza kuagiza gari bila kumbembeleza ofisa yeyote. Picha aliyotumiwa ilionyesha dashibodi yenye kioo mfano wa televisheni ndogo. Mimi na mama mdogo tulionyeshwa picha hiyo mara nyingi kuliko tulivyohitaji. Gari lilipotoka bandarini, kioo hakikuwepo. Palikuwa na tundu la mraba, na ndani yake nyaya za rangi zinaning'inia.

Mama mdogo alilifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama vile vya kwenye makochi. Baba mdogo hakuridhika. Yeye ndiye aliyenilea tangu baba yangu afariki, na yeye ndiye angekuwa msemaji wangu kwenye posa. Alisema hawezi kwenda kwa watu na gari lililong'olewa jino la mbele.

Akaenda Dar es Salaam, akarudi na kifaa kwenye boksi, amekipakata kama mtoto. Aliyemwuzia alimwambia kinaonyesha njia popote duniani kwa kuzungumza na setilaiti. Tulikipeleka Kizota, kwa fundi wa umeme wa magari. Fundi alipokiweka mbele ya tundu, kiliingia bila kukwaruza, hata matundu ya skrubu yakakutana. Akamtazama baba mdogo. Baba mdogo akatazama ukuta.

"Ukubwa wao huwa mmoja," alisema.

Kijitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kijapani kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nilikabidhiwa mimi, kwa sababu nilikuwa karani serikalini, na baba mdogo aliamini kwamba mtu anayesoma Kiingereza kutwa nzima hawezi kushindwa na Kijapani. Nilitazama michoro, nikatikisa kichwa kwa namna ambayo nilidhani ni ya kitaalamu.

Mara ya kwanza fyuzi iliungua. Fundi akabadilisha fyuzi, akahamisha waya. Kioo kikawaka, na sote tukatabasamu, lakini alipowasha taa za mbele kikazimika. Akachukua taa yake ya kupimia umeme, akapima waya mmoja baada ya mwingine huku akieleza kwa sauti kila alichokifanya, kama anamfundisha mtu. Alipomaliza, kioo kilibaki kimewaka. Kilikuwa cha buluu pande zote, na katikati palikuwa na mshale mwekundu.

"Mshale ni sisi," alisema fundi.

"Na hii buluu?" aliuliza baba mdogo.

Fundi alianza kupanga bisibisi zake. Mwishowe nilisema mimi. "Nadhani ni bahari."

Baba mdogo alitazama nje, kwenye vumbi la Kizota na mbuzi waliokuwa wakila makaratasi. Fundi alipendekeza tukitoe nje kisahani cheusi kilichokuja na kifaa, cha kunasa setilaiti, na kukibandika juu ya paa la gari. Tulikibandika. Bahari haikupungua. Tulilisukuma gari mpaka uwanjani, mbali na paa za bati. Bado bahari.

Waya mmoja ulikuwa umebaki, na kwenye kijitabu palikuwa na mchoro wa breki. Fundi akauunga kwenye waya wa breki. Baba mdogo alipokanyaga breki, mwanamke akaongea ndani ya dashibodi. Sauti yake ilikuwa laini, na maneno yalikuwa mengi. Akakanyaga tena, akaongea tena.

"Kimepona," alisema fundi, akaanza kukusanya vifaa vyake.

Jumamosi tulikwenda Gulwe, kwa wazazi wa binti niliyetaka kumwoa. Kwa desturi mwenye posa hubaki nyumbani akisubiri majibu, lakini hakuna mwingine aliyekuwa akiijua nyumba ya binti. Kwa hiyo gari lilikuwa na kifaa cha kuonyesha njia, nami nikachukuliwa nionyeshe njia. Niliketi nyuma na mama mdogo, kapu la zawadi katikati yetu.

Kwenye lami mwanamke alinyamaza. Tulipoiacha lami kuelekea Kongwa na Mpwapwa, mashimo yakaanza, na kila shimo lilikuwa breki, na kila breki ilikuwa hotuba. Mama mdogo alivumilia mpaka Kongwa.

"Anasema nini huyu?"

"Ananiambia nipunguze mwendo," alisema baba mdogo.

"Mimi nimekuambia hivyo miaka yote."

"Wewe hukuunganishwa na setilaiti."

Jambo la ajabu ni kwamba alipunguza. Mtu aliyejulikana mjini kwa kukimbiza gari alikwenda taratibu, akiinamisha kichwa kidogo kila mwanamke alipoongea, kama anayesikiliza mawaidha.

Tulipoipita Mpwapwa tulifika mahali njia inapogawanyika. Nilisema kushoto. Nilikuwa nimewahi kupita hapo juu ya lori la mahindi, na nilikuwa na hakika. Baba mdogo alisimamisha gari afikirie, na kwa kuwa alikanyaga breki, mwanamke akaongea.

"Umesikia?" aliniuliza. "Kulia."

"Baba mdogo, hiyo ni lugha ya kwao. Umejuaje kama amesema kulia?"

"Mshale umeelekea wapi?"

Mshale ulikuwa umeelekea kulia kidogo, katikati ya bahari. Tukaenda kulia.

Njia ilizidi kuwa nyembamba, ikageuka ya ng'ombe, ikatuingiza kwenye korongo la mchanga. Magurudumu yalizama. Kila baba mdogo alipokanyaga mafuta tulizidi kushuka, na kila alipokanyaga breki mwanamke alitueleza jambo kwa upole uleule. Mama mdogo alishuka, akakaa kwenye kivuli cha mti wa miiba, akavua viatu vyake vya sherehe na kuviweka kando kwa utaratibu wa mtu anayejizuia kusema.

Mwanamume mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe alikuja taratibu. "Mbukwa," alitusalimu, nasi tukaitikia. Alilizunguka gari, kisha akachungulia kile kioo cha buluu.

"Mnatafuta nini huku?"

"Gulwe," nilisema.

"Gulwe ni kule," alisema, akaonyesha kwa kidevu upande tuliotoka. Aliwaita wenzake wawili, tukakata matawi, tukayatandika chini ya magurudumu na kusukuma. Gari lilipotoka, baba mdogo alimshukuru, kisha akamwuliza kama ana hakika kuhusu Gulwe. Yule bwana aliokota fimbo yake.

"Ninaishi hapa," alisema.

Tulifika alasiri, wakati tulitakiwa kufika kabla ya adhuhuri. Baba wa binti alikuwa amestaafu kazi ya reli. Maisha yake yote aliyapima kwa saa za treni, na nilikuwa nimemwonya baba mdogo kuhusu hilo zaidi ya mara moja. Tulimkuta amekaa barazani na kanzu yake iliyopigwa pasi. Chakula kilikuwa kimepoa. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kunitazama.

Baba mdogo alianza kueleza habari za barabara. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Treni nazo huchelewa," alisema. "Lakini huwa tunajua zimekwama wapi."

Nilihisi posa yangu inakwenda na maji. Hapo baba mdogo, ambaye sikuwahi kumsikia akikiri kosa, akasema polepole, "Tulikwama kwenye korongo. Kijana wako huyu aliniambia kushoto, mimi nikaenda kulia. Kuna mashine ndani ya gari, nikaisikiliza hiyo."

Mzee alisimama. "Nionyeshe."

Wakaingia garini wawili, mimi nikasimama dirishani. Baba mdogo akakanyaga breki. Mwanamke akaongea. Mzee akavaa miwani, akakisogelea kioo.

"Haya yote ni maji?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mmefika Gulwe kwa njia ya bahari."

Alisema hivyo bila kutabasamu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akavua miwani na kujifuta macho kwa kofia. Aliwaita wanawe waje kusikiliza. Alimwomba baba mdogo akanyage breki tena, na tena. Chakula kikapashwa moto. Kabla ya magharibi tulikuwa tumepewa jibu, na jibu lilikuwa zuri. Mchumba wangu aliniambia baadaye kwamba aliliona vumbi la gari letu likielekea kule kusikokwenda mtu, akajua ni sisi.

Tuliporudi Dodoma, nilimleta ofisa mmoja wa kazini kwetu ambaye aliwahi kwenda Japani kwa mafunzo ya kilimo cha umwagiliaji. Alikaa mbele, akafumba macho, akasikiliza mara tatu.

"Anasema samahani sana," alisema. "Mahali hapa hapajulikani. Anaomba radhi."

"Kila mara?" aliuliza baba mdogo.

"Maneno ni yaleyale."

Baba mdogo alizima gari. "Masikini," alisema. "Mwanamke wa watu ameomba radhi kuanzia Kongwa mpaka Gulwe, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia haidhuru."

Fundi wa Kizota aliukata ule waya, uliotakiwa kwenda kwenye breki ya mkono. Mwanamke hakusikika tena, na mwendo wa baba mdogo ukarudi ulivyokuwa. Baada ya miaka michache alimwuzia gari mfanyabiashara wa Singida, aliyevutiwa na kile kioo kuliko injini. Aliponivuta kando kuniuliza kama kinafanya kazi, nilimwambia kinawaka vizuri.