Fundi wa vioo aliyekijua kichwa chake

Jua la asubuhi limekwisha kuingia karakanani, na limekikuta kioo kirefu cha mita mbili kimelazwa juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu. Mwanamke aliyefunga kilemba cha buluu anachovya kalamu ya kukatia kwenye kikopo cha mafuta ya taa, anaipangusa, anainama.

Kigurudumu kilicho kwenye ncha ya ile kalamu hakizidi punje ya mtama. Anakivuta kuelekea kwake kwa mkono mmoja, bila kusita, na kioo kinatoa mlio kama kitambaa kinachochanwa. Kisha anakisogeza hadi ukingoni mwa meza, anakibonyeza kidogo. Tak! Vipande viwili, safi.

"Kioo hakikatwi," anasema bila kuinua macho. "Kinachorwa mstari, halafu kinabembelezwa kivunjike pale unapotaka wewe. Mkono ukitetemeka, kinavunjika kinapotaka chenyewe."

Wateja humwita Bi Fundi, na jina hilo limemkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Ana miaka thelathini na mitatu, kumi na miwili kati ya hiyo ameitumia kwenye vioo vya madirisha, milango na maduka. Nyumbani ana mtoto wa miezi tisa, ambaye saa hizi yuko mikononi mwa mama mkwe.

Ukimtazama leo huwezi kuamini kwamba kulikuwa na siku ambapo mwanga wenyewe, huu anaoufanyia kazi, ulikuwa adui yake.

Kichwa kilimwanza akiwa na miaka kumi na mitatu, mwaka ule ule aliovunja ungo. "Wenzangu waliumwa tumbo," anakumbuka. "Mimi niliumwa tumbo, na kichwa kikaja kama nyongeza."

Hakikuwa kichwa cha kumeza kidonge ukaendelea na shughuli. Kilishika upande mmoja, nyuma ya jicho la kushoto, kikapwita kama kidonda. Kilikuja na kutapika, na harufu ya chakula ikawa kero. Akisikia mlango unafungwa chumba cha pili, anahisi umefungwa ndani ya fuvu lake. Watu wengi wanakiita kipandauso. Kwao hawakukiita chochote. Mama yake alikuwa nacho pia, na dawa yake ilikuwa kitambaa kilichokazwa kwenye paji la uso na mlango wa chumba kufungwa.

Alipoingia kwenye ufundi, mambo yakawa mazito. Fundi wa vioo anayekimbia mwanga ni sawa na mpishi anayekimbia moto. Kila mwezi alikosa kazi siku nne, wakati mwingine tano. Maneno yakaanza. Wapo waliosema ni uvivu uliovaa kilemba.

"Mimi mwenyewe nilisema," anakiri mwenzake wa karakana, fundi wa fremu za alumini ambaye kila mtu anamwita Msumari. "Nilikuwa najiuliza, kichwa gani hiki chenye kalenda?"

Hakujua kwamba ndani ya mzaha wake kulikuwa na jibu.

Siku moja, ili kuzima maneno, Bi Fundi alikuja kazini hivyo hivyo, kichwa kinapwita. Yeye na Msumari walikuwa wamebeba kioo cha mbele cha duka, mmoja huku, mwingine kule. Katikati ya ua kichefuchefu kilimpanda ghafla. Mikono ikalegea. Kioo kikashuka.

Hakuna aliyeumia, ila kiatu cha Msumari kilichanika kuanzia kidole gumba hadi karibu na kisigino. Wote watatu, pamoja na mzee mwenye karakana, walisimama wakikitazama kile kiatu.

"Kioo nitanunua kingine," mzee alisema hatimaye. "Mguu wa mtu sijui unauzwa wapi. Nenda nyumbani, mwanangu, urudi ukijua unaumwa nini."

Alikwenda zahanati akitarajia vidonge vile vile vya maumivu. Akakutana na mkunga mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyemuuliza swali ambalo kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Mara ya mwisho kuumwa, hedhi ilikuja baada ya siku ngapi?"

Hakujua. Mkunga akamwambia anunue daftari, aandike kwa miezi mitatu: siku ya kichwa, siku ya hedhi, usingizi, dawa. Miezi mitatu ilipokwisha, hata Msumari angeweza kusoma kilichoandikwa. Kichwa kilikuja siku mbili kabla ya hedhi, kama mpiga mbiu anayetangulia msafara.

Mkunga alimweleza kwamba mwili wa mwanamke una homoni iitwayo estrojeni, ambayo hupanda na kushuka kila mwezi. Kabla ya hedhi hushuka kwa kasi. Wanawake wengi hawausikii mteremko huo. Wenye kipandauso huusikia.

"Alinifananisha na mtu anayeshuka ngazi gizani akakuta kidato kimoja hakipo," anasema Bi Fundi. "Nikamwambia, dada, miaka ishirini naanguka kwenye kidato hicho hicho!"

Daktari wa pale zahanati alimwandikia dawa ya kumeza mapema, kichwa kinapoanza tu, na akamkataza kumumunya dawa za maumivu kila siku kama peremende. Zikizidi, alimwonya, nazo huzaa maumivu yake. Mzee wa karakana alilipitia daftari kurasa zote, akitikisa kichwa, kisha akapanga kazi upya: vioo vikubwa vikatwe siku nzuri, siku za hatari Bi Fundi ashughulike na vipimo na oda. Siku nne za kukosa kazi zikawa mbili.

Ndipo akapata mimba.

Miezi mitatu ya kwanza ilimtoa jasho. Dawa aliyoizoea daktari aliisimamisha, akabaki na parasetamoli kwa kipimo, maji, usingizi na chumba chenye giza. Kichwa kikawa kinakuja bila ratiba. Mama mkwe alishangaa: "Mwanangu, wenzio mimba huwakaa tumboni. Yako imekaa kichwani?"

Mwezi wa nne, kimya. Wa tano, kimya. Estrojeni ilikuwa imepanda na kubaki juu, haishuki, na mkunga akamwambia wanawake wengi wenye kipandauso cha aina yake hupata nafuu kipindi hicho, ingawa si wote. Bi Fundi alikata vioo juani, akala anachotaka, akacheka kwa sauti.

"Basi uzae kila mwaka," Msumari akamwambia, "karakana ineemeke."

"Na utabeba wewe?" mama mkwe, aliyekuwa amemletea chakula, akamjibu kabla yake.

Alikuwa na mimba ya wiki thelathini na nne siku kichwa kiliporudi. Ilikuwa mchana, yuko nyumbani, anakunja nguo za mtoto. Mumewe, fundi wa kupaka rangi nyumba, alikuwa amerudi mapema. Alipomwona ameshika kichwa, akavuta pazia kama alivyozoea.

"Kile kile chako kimerudi," alimwambia kwa upole. "Lala, kitapita."

Bi Fundi hakulala. Alikaa kitandani akakisikiliza. Kilikuwa kimeshika kichwa kizima, si upande wa kushoto. Hakikupwita, kilibana. Chini ya mbavu za kulia palikuwa na maumivu, na vidoti vya mwanga vilikuwa vikielea mbele ya macho yake. Pete yake ilikuwa imekwama kidoleni tangu juzi.

"Hiki si changu," akasema.

"Kichwa nacho kina mwenyewe?" mumewe akauliza.

"Kina. Changu nimeishi nacho miaka ishirini, najua kinavyobisha hodi. Hiki sikijui. Twende."

Zahanati, aliyekuwa mapokezi alisoma kadi yake, akaona neno kipandauso, akamwambia akapumzike nyumbani na ameze parasetamoli. Ni kosa rahisi kulifanya, na kina mama wangapi wamelikubali na kuondoka? Bi Fundi hakuondoka.

"Nilimwambia, nipime presha. Ukikuta iko sawa, nitakuomba radhi mbele ya hawa wote."

Ilisoma 168 kwa 112. Mkojo ulipopimwa ulikutwa na protini. Mkunga alipoitwa hakuuliza mara mbili, akaagiza gari. Lilikuwa shinikizo la damu la ujauzito, lile ambalo likiachwa huweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Hospitali kubwa walimwekea dripu ya kuzuia degedege na dawa za kushusha presha. Siku ya pili akajifungua binti wa kilo mbili na gramu mia moja, mdogo, lakini mwenye kelele za mtu mzima.

"Madaktari ndio waliomtibu," anasema mumewe, akiangalia mikono yake yenye madoa ya rangi. "Lakini mimi nilikuwa nimeshavuta pazia. Sitasahau kwamba nilivuta pazia."

Siku tano baada ya kujifungua, kichwa kilikuja tena. Upande wa kushoto, nyuma ya jicho, kinapwita. Homoni zilikuwa zimeporomoka kutoka juu kabisa hadi chini. Alikitambua mara moja, akacheka huku machozi yakimtoka: mwenyeji amerejea. Hata hivyo akaomba apimwe presha, kwa kuwa alikuwa ameambiwa hatari haiishi siku ya kuzaa. Safari hii ilikuwa sawa.

Sasa ananyonyesha, na daktari amemchagulia dawa isiyomdhuru mtoto. Mama mkwe humchukua mjukuu wake alfajiri ili mama yake apate saa mbili za ziada za usingizi. Mwezi uliopita alikosa kazi siku moja tu.

Kila Alhamisi, mkunga humwita azungumze na wajawazito kwa dakika kumi. Hana maneno mengi. Huwaambia wajue maumivu yao yalivyo, ili siku yakibadilika wasikubali kuambiwa ni yale yale. Na mimba ikiwa imevuka nusu, kichwa kipya ni cha kupimwa presha, hakuna mjadala.

Mwakani mzee wa karakana anapumzika, na meza ya kukatia itakuwa chini ya Bi Fundi. Tayari ana wasichana wawili wanaotaka kujifunza.

Na mtoto wa pili?

Anapangusa vumbi la kioo mikononi, anatabasamu. "Nitamzaa, mwaka kesho kutwa, Mungu akipenda. Daktari amesema niende kliniki mapema, kuna dawa ya kukinga hali ile, ya kuanza mwanzoni mwa mimba, na presha ipimwe kila mara. Tumeshapanga kila kitu mimi na yeye."

Anageuka kutazama mlangoni kama mtu anayehofia kusikika. "Bado kumwambia mume wangu tu."