Mama Alipomtazama Babu

Juzi nilikuwa Tukuyu kwenye harusi ya mtoto wa jirani yetu wa zamani. Bibi harusi alimkumbatia baba mkwe wake mbele ya watu, wakapigwa picha mashavu yamegusana, vigelegele vikapigwa. Nami, sahani ya pilau mapajani, nikamkumbuka mama, na miaka ile mitumba na maduka ya watu binafsi vilipoanza kujaa huku kwetu Rungwe.

Labda wewe hukuyaona hayo. Kwetu mke hakumtazama baba mkwe wake. Hakumsalimia, hakutaja jina lake. Akimsikia anakuja njiani, aliingia kwenye migomba akainama mpaka mzee apite. Hata waliokuwa hawakosi kanisani Jumapili waliushika mwiko huo.

Shida ni kwamba babu yangu alikuwa mgonjwa wa akili, na bibi aliyemtunza tangu ujana wao alikuwa amefariki. Baba alifanya kazi Mbeya, akija mwisho wa mwezi. Pale kijijini Matwebe tukabaki mama, babu na mimi. Ndivyo mama alivyokuwa mlezi wa mtu asiyeruhusiwa kumwona.

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya chai, alipika ndizi kwa maharage, au magimbi na maziwa ya mgando, akanipa bakuli, kisha akajibanza nyuma ya ukuta wa jiko. "Mwambie babu ale yakiwa moto," alininong'oneza. "Muulize kama wageni wamekuja."

Wageni ndilo jina alilozipa babu zile sauti alizozisikia peke yake. Wakija, alibishana nao, akasahau kula, akasahau kulala. Bibi alizoea kumwambia, "Waambie wasubiri, kwanza tunakula," na mara nyingi walisubiri kweli. Mama hakuweza kumwambia hivyo. Alichoweza ni kufua koti lake zito la mitumba, kulianika karibu na moto, na kusikiliza. Kwa kikohozi tu alijua kama mzee amelala au amekesha.

Kila mwezi baba alimpeleka hospitali kuchomwa sindano, naye babu akatulia, akapalilia chai yake kama watu wengine. Kisha sindano zikaanza kuadimika. Tukaambiwa tutafute kwenye maduka ya dawa, nako hazikuwepo. Masika yale wageni wa babu walikuja wakagoma kuondoka.

Mchana mmoja wa mvua tulisikia kelele bondeni. Babu alikuwa amesimama katikati ya kijito kilichofurika, maji kiunoni, akiwafokea wageni. Wanaume walikuwa ukingoni na kamba. "Tumfunge," alisema jirani. "La sivyo ataondoka na maji."

Mama alishuka mbio, kanga kichwani. Watu walimpisha, wakidhani amekuja kulia. Akaingia majini.

"Baba," alisema, "chakula kimeiva. Twende nyumbani."

"Wewe nani?"

"Mke wa mwanao."

Babu, katika wazimu wake wote, akafunika macho kwa viganja. "Mkwe wangu hanitazami," alisema.

"Leo nakutazama, Baba. Nisamehe."

Akavua kanga kichwani, akamrushia ncha. Babu aliishika, macho bado ameyafunika kwa mkono mmoja, wakapanda kilima hivyo, yeye nyuma, mama mbele. Sikuona kamba ile ilikopelekwa.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliposikia alikuja kwa miguu kutoka Mpuguso.

"Umemvunjia heshima baba yetu mbele ya kijiji!"

"Wifi, ningemwacha azame?" mama aliuliza.

Shangazi aliingia chumbani kwa babu, akakaa naye muda mrefu. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu. Akakamata jogoo, akamchinja, akawakalisha mama na babu kwenye mkeka mmoja. "Waliokula kuku mmoja," alisema, "hawana tena sababu ya kujificha." Babu alikula ameinamisha kichwa. Alipomaliza alisema, "Ndaga." Ilikuwa asante yake ya kwanza kumfikia mama bila kupitia kwangu.

Tangu hapo mama alimpeleka hospitali mwenyewe, na sindano ilipokosekana alikaa naye barazani akawasubirisha wageni. Miaka mingi alifanya hivyo. Babu alikufa kwa uzee, kitandani kwake, akiwa msafi.

Siku hizi barabarani wakwe na wake wa wana wao wanataniana, hakuna anayeinama migombani, na sioni kama ni vibaya. Shangazi ameondoka duniani, baba naye ameondoka. Chai ya babu imeng'olewa, pamepandwa parachichi. Mwezi uliopita nilimuuliza mama ni nini alichokiona siku ile pale majini, alipomtazama mzee.

Aliendelea kumenya ndizi.

"Uso wa baba yako," alisema. "Kabla hajafunika macho. Miaka yote ile nilikuwa nikimpikia mtu mwenye uso wa mume wangu, wala sikujua."