Miezi Niliyomwongoza Bwana wa Ndege

Mume wangu aliuawa na kiboko ziwani, karibu na Dunga, miaka michache baada ya Uhuru, ziwa lilipopanda na kumeza mashamba yetu ya chini. Wavuvi wenzake walimleta nyumbani kwa mtumbwi wake mwenyewe. Nilikoka moto, nikawachemshia chai. Watu walisema nimeduwaa tu, machozi yatakuja. Hayakuja.

Hata miezi miwili haijaisha, nikarudi kukata mafunjo ya kusukia mikeka. Huko ndiko alikonikuta mtu mmoja kutoka Nairobi, Mkikuyu mwembamba mwenye darubini shingoni, aliyetumwa kuorodhesha ndege wa kinamasi chetu. Alikuwa ameambiwa kwamba hakuna anayezijua njia za ndani kama mimi.

"Mama, utanionyesha?"

"Nitakuonyesha."

Tukawa tunaingia kila asubuhi, mimi mbele na panga, yeye nyuma akizama matopeni hadi magotini. Nilimwonyesha mahali mnandi wanapoanika mabawa, na kwarara wanapochokoa konokono. Nilimwonyesha pia yule ndege mweusi mwenye kifua chekundu, ambaye huishi mafunjoni tu. Alipomwona huyo alinishika mkono kwa furaha. Mimi nilimtazama ndege, nikaona rangi. Basi.

Siku moja tulitokea kwenye uwazi, tukamkuta kiboko amesimama hatua kama kumi mbele yetu, majani yananing'inia mdomoni. Bwana wa ndege alinong'ona, "Mama, turudi. Mama!" Sikusogea. Nilijua mnyama huyo anaweza kufanya nini. Nilikuwa nimeuona mwili wa mume wangu. Lakini nilisimama tu nikiangalia masikio ya kiboko yanavyofukuza nzi. Sikuwa na chuki wala woga. Yule bwana ndiye aliyenivuta nguo hadi tukaanguka wote wawili. Kiboko akageuka, akaingia majini.

"Huogopi?" aliniuliza, akijipangusa tope.

"Mume wangu aliuawa na mmoja wao."

Tulirudi hadi nchi kavu. Hapo akaniambia hataingia tena na mimi, kwa sababu mtu asiyeogopa hafai kufuatwa kinamasini. Kesho yake akamchukua mvuvi mmoja. Sikumlaumu. Nikaendelea kukata mafunjo.

Mvua ndefu za mwaka uliofuata zilipokwisha, binti yangu, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, alikwenda ufukweni kuosha sufuria. Nilipoinua macho kutoka kwenye mafunjo niliyokuwa nikikata, nilimwona yuko ndani ya maji ya kiunoni, anafuata kibuyu kilichochukuliwa na mawimbi. Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka mbio na mafimbo, wakidhani ni kiboko.

Mtoto alitoka mwenyewe, kibuyu mkononi.

"Mama, kuna nini?"

Nilikaa pale pale mchangani, natetemeka mwili mzima. Jirani mmoja alinifunika kanga yake, ingawa jua lilikuwa kali. Binti yangu alinitazama kidogo, kisha akarudi kuzisugua sufuria zake kwa mchanga, safari hii mbali na maji.